Waliposema "Tumesikia"

Mwanangu Swafiya,

Umenisalimia mara tatu leo tangu asubuhi, na kila mara nimekuitikia, basi salamu tumezimaliza. Nakuandikia kwenye meza ya dirishani, baada ya sala ya alasiri. Wewe uko chini na shangazi yako mnakunja nguo za safari yako ya kesho, nami nawasikia. Anakueleza habari ya chandarua, na maji ya kuchemsha, na madereva wa bodaboda wasioaminika. Hayo sitayarudia. Yeye anayajua kuliko mimi, na wewe una miaka ishirini na sita.

Pale mwandiko unapokwenda upande, jua nilipumzika kidogo kisha nikarudi.

Nataka nianze na shukrani, kwa sababu nikianza na jambo lenyewe huenda nguvu zikaisha kabla sijafika kwenye shukrani. "Moyo umechoka, Maalim," daktari aliniambia mbele yako, na wewe ukauliza maswali yote ambayo mimi niliogopa kuyauliza. Tangu siku ile umekuwa ukinishusha ngazi za nyumba hii kila Ijumaa. Wanitangulia, washuka kinyumenyume, mikono yako chini ya viwiko vyangu, ukihesabu kwa sauti: "Ya kwanza, Baba. Ya pili. Ya tatu ina mdomo, jihadhari." Ngazi hizi za mbao zimewashinda vijana wenye magoti mazima. Hukunionyesha hata mara moja kwamba una haraka. Nilikupata nikiwa nimeshaota mvi, na wako watu hapa mtaani Kuze walionihurumia kwa kulea mtoto uzeeni. Leo hao hao hunitazama ukinishika mkono kwenye kichochoro, wasiseme kitu.

Sasa jambo lenyewe.

Alhamisi tulipokuwa tukila, uliweka tonge chini ukaniuliza, "Baba, wajua faili la kwanza nitakalokabidhiwa huko ofisi ya mazingira ni lipi?"

"Lipi?"

"Mwachengo. Wale wachimbaji wa manganizi wanaomba kupanua. Wataka kuvuka kijito, wachimbe upande wa pili. Mkuu wangu asema si kazi ngumu, maana kijiji kilikubali tangu mradi wa kwanza. Na kumbukumbu za mkutano ule aliandika nani?" Ukanyoosha simu yako juu ya sinia. "Nimepiga picha. Jina lako hili hapa."

Shangazi yako akasema, "Mashallah, baba na mwana faili moja."

Mimi nikasema nimekwamwa na mwiba, nikainuka. Samaki yule alikuwa nguru, Swafiya. Mwiba wa nguru hata mtoto mdogo auona.

Kilichonikwama ni hiki: kijiji cha Mwachengo hakikukubali. Mimi ndiye niliyekiandikia kukubali.

Wajua kwamba nilifundisha jiografia Tononoka mpaka nikastaafu. Usichokijua vizuri ni ile miaka iliyofuata, maana ulikuwa shule, na habari zake nilikusimulia mimi, nikichagua. Kampuni moja iliyokuwa na ofisi yake Buxton ilinichukua. Kazi yao ilikuwa kuandika ripoti za athari kwa mazingira. Mtu akitaka kuchimba, sheria inamtaka aeleze kwanza atakachokiharibu na namna atakavyokitengeneza, na wenyeji waulizwe, na majibu yao yaandikwe ndani ya ripoti kabla leseni haijatoka. Wewe hayo umeyasomea. Mimi niliyajifunza nikiwa nimebeba kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri barazani na kuandika kumbukumbu. Nilikuwa hodari, na nilijua kuwa ni hodari.

Mwachengo tulikutana katika darasa la shule ya msingi. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Mkuu wa kampuni yetu, tuliyemwita Injinia, alieleza mradi kwa muda mrefu: kilima kitakatwa, jiwe jeusi la manganizi litachukuliwa, udongo utarudishwa, miti itapandwa. Nilitafsiri yote vizuri. Kisha chifu akauliza kama wenyeji wana maoni.

Akasimama mama mmoja, Bi Mwanasiti, mwembamba, leso yake ameifunga kwa ndani kama mtu aliyetoka kazini.

"Tunawashukuru kwa kutujia," alisema. "Kisima chetu kiko chini ya kilima hicho hicho. Sisi tumesikia."

Akaketi. Mzee wa nyuma yake akasema, "Tumesikia." Mwingine akasema, "Inshallah." Baada ya hapo zikagawiwa soda, na orodha ya waliohudhuria ikazungushwa, watu wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia dole.

Wewe ni mtoto wa Kuze, huhitaji kufafanuliwa. Watu wakija kuposa, na baba wa msichana hawataki, hasemi hawataki. Huwakaribisha kahawa, huwauliza hali za wazee wao mmoja mmoja, kisha husema, "Haya, tumesikia." Na wale waposaji wakifika mlangoni kuvaa viatu, wameshajua kuwa wamenyimwa. Babu yako mzaa mama aliniambia "tumesikia" mara mbili, mwaka mmoja baada ya mwingine. Mara ya tatu alisema, "Karibu, mwanangu," nami nikaozwa mamako. Kwa hiyo hakuna mtu katika darasa lile aliyelijua neno hilo kuliko mimi. Lilishaniuma mwilini.

Katika daftari langu niliandika maneno yao kama walivyoyasema, na pembeni, kwa penseli, nikaandika: *Hawataki. Wanaogopea kisima.*

Kesho yake Injinia aliliangalia daftari pale ofisini.

"Tumesikia ndiyo nini, Maalim? Wamekubali ama hawakukubali?"

"Wamesema wamesikia."

"Yuko aliyesema hapana?"

"Hakuna aliyesema hapana."

"Basi wamekubali. Andika wamekubali."

Nami nikamjibu, "Nimesikia."

Nimelitafakari jibu langu hilo kwa miaka. Kwa lugha ya nyumbani kwetu, nilimkatalia. Kwa masikio yake, nilimtii. Kisha nikakaa kwenye kompyuta na mikono yangu ikafuata masikio yake. Niliandika: "Wananchi waliridhia mradi kwa kauli moja." Nyuma ya ukurasa huo ikabanwa orodha ya waliohudhuria, sahihi zao na madole yao, na mtu akiisoma ripoti anaona kana kwamba wote wametia sahihi chini ya sentensi yangu.

Nilizipeleka nakala dukani kwa Gulam Bhai kufungwa jalada. Aliipima ripoti mkononi akasema, "Maalim, hii yote nani atasoma?"

"Watasoma ukurasa wa mwisho."

"Ungeniletea huo peke yake, bwana. Mashine yangu mzee kama wewe."

Tulicheka. Huo ukurasa wa mwisho ndio ulikuwa wangu.

Nimemtafutia Injinia ubaya, sikuupata wa kunitosha. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Alikuwa ameniita nguzo ya kampuni mbele ya vijana wake wiki ile, na mimi, mwalimu mstaafu ambaye hakuna tena aliyesimama nikiingia chumbani, nililipenda neno hilo. Sababu yangu ni ndogo hivyo. Ningekuwa na kubwa zaidi ningekupa.

Leseni ilitoka. Kilima kikakatwa.

Sasa nikukumbushe siku ambayo huenda umeisahau. Ulikuwa kidato cha tatu. Alikuja mama mgeni asubuhi, akiuliza nyumba ya Maalim mwandishi, na wewe ndiye uliyemfungulia. Ulimkaribisha juu, ukamletea maji ya ndimu. Alikuwa Bi Mwanasiti. Mamako akakaa naye, wakaulizana hali mpaka zikaisha, na mimi nikasubiri nikiwa najua alichojia. Hatimaye akafungua mkoba wake akatoa kanzu, akaitandaza juu ya mkeka.

"Ya mume wangu," alisema. "Ya Ijumaa. Imefuliwa jana."

Kanzu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Haikuwa na doa, ilikuwa yote imegeuka sawasawa, kola mpaka pindo.

"Ndiyo maji ya kisima sasa," alisema. "Tunayafulia. Tulikuwa tunayanywa mpaka watoto wakaanza kuumwa matumbo. Nilikwenda ofisi ya kule kushtaki. Wakanifungulia kitabu, wakanionyesha kuwa nimekubali. Dole langu lipo." Kisha akaniangalia, bila hasira. "Maalim, mimi siku ile nilikwambia nini?"

"Ulisema mmesikia."

"Na wewe si mtu wa huku kwetu pwani?"

"Ni wa huku."

"Ndiyo nilichokuja kuuliza tu," alisema. Akamaliza maji yake ya ndimu, akakusifu wewe kwa adabu, akaaga. Kanzu aliiacha pale pale mkekani.

Mamako hakunipigia kelele. Alingoja wewe uondoke, akasema, "Watu walikwambia maneno ya posa, weye ukayaandika nikaha." Alirudi jikoni, na jambo hilo hakulitaja tena mpaka alipofariki. Hakuhitaji. Nililisikia kila alipotoa kikombe mezani.

Usidhani nilikaa kimya kabisa. Niliandika barua kwa ofisi ya mazingira, nikasema kumbukumbu zina kosa. Afisa mmoja, mtu muungwana sana, alinipigia simu. Aliniambia muda wa rufaa umekwisha, lakini kama ninalo daftari la asili, nililoandikia mle darasani, atalipeleka kwa wakubwa wake na leseni itaangaliwa upya. "Unalo, mzee?"

Lilikuwa ndani ya kabati, nyuma yangu, umbali wa mkono.

Nikamwambia lilipotea.

Hili ndilo ninalokuungamia, Swafiya, kuliko lile la kwanza. La kwanza nilikuwa mzembe na mpenda sifa. Hili la pili nilikuwa na akili zangu timamu na kanzu nimeshaiona. Bila daftari, ilikuwa ni mzee aliyekosea neno. Pamoja na daftari, na ile penseli pembeni, ingeonekana wazi kuwa nilijua. Na wiki ile ile ulikuwa umerudi kutoka shule na insha yako, mwalimu wako ameizungushia wino mwekundu kwa furaha, uliyoandika kwamba babako ni mtu anayeenda vijijini kuhakikisha wasiosikika wanasikika. Uliisoma kwa sauti, umesimama pale mlangoni. Nilitaka mtu yule uliyemwandika aendelee kuwako. Ukaenda chuo kikuu ukasomea mambo haya haya kwa sababu yake. Nami niliacha uende.

Mwachengo waliletewa maji kwa lori kwa muda, kisha lori likaacha kuja. Wakachimba kisima kingine ng'ambo ya kijito, ambako maji bado ni safi. Ndiko unakoniambia wachimbaji wanataka kuvukia sasa. Watu wale hawana kisima cha tatu. Na sentensi yangu ndiyo inayosafisha njia kwa mara ya pili, na safari hii imepangiwa kupita chini ya mkono wako.

Nilipumzika hapo. Shangazi yako amepanda na uji, akaniuliza kama naandika wasia. Nimemwambia naandika orodha ya vitabu vyangu. Uongo mwingine, lakini huu nitamwambia kesho.

Bi Mwanasiti hakunitangaza. Angeweza. Angekuja msikitini kwetu siku ya Ijumaa akaikunjua kanzu nyingine kama ile. Badala yake, kila msimu wa korosho huniletea kifuko kwa basi, zimekaangwa, za moto wa kuni. Wewe umezila na kuuliza zatoka wapi, nami nikakujibu, "Kwa rafiki." Mamako alipofariki alikuja, akakaa na wanawake siku zote tatu za matanga, akaosha vyombo. Siku ya mwisho nilimfuata pale uani, nikamwambia, "Bi Mwanasiti, naomba unisamehe."

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua kichwa.

"Tumesikia, Maalim," alisema.

Kisha nikacheka, na yeye akacheka, tukiwa katika nyumba ya msiba, mpaka shangazi yako akachungulia. Sijawahi kupewa jibu la haki kama lile. Hakuniongopea kuwa amenisamehe, na hakunifukuza. Aliuacha mlango mahali pale pale alipouacha babu yako, umerudishwa bila komeo. Wanawake wawili wamenionyesha mimi nilivyo bila kuniaibisha mbele ya mtu, mamako na huyu, na mtu mwingine huishi miaka sabini bila kumpata hata mmoja. Siondoki duniani nikinung'unika. Nilipewa watu wazuri kuliko nilivyostahili, na nikapewa wewe, na sasa, kwa namna ambayo nisingethubutu kuiomba, faili limerudi kabla sijafa.

Juu ya begi lako utakuta kifurushi. Nje yake ni kanzu ile. Ndani mna daftari la Mwachengo, na tamko langu la kurasa mbili. Wakili alikuja jana ulipokwenda sokoni Marikiti, nikatia sahihi mbele yake, yeye akatia muhuri. Nimeeleza yote niliyokueleza hapa, pamoja na lile la simu na kabati.

Najua sheria kiasi. Siku ya kwanza itabidi umwambie mkuu wako kwamba mwandishi wa kumbukumbu zile ni babako. Pengine watakuondolea faili wampe mwenzako. Waache wampe, mradi daftari liwe limeshaingia ndani yake na limeandikishwa kuwa limepokewa. Wenzako watazungumza. Utaanza kazi kwa kumfedhehesha babako, na jina uliloandikia insha halitabaki kama lilivyo. Naliona hilo. Nisingekutaka ulibebe kama ningekuwa na miguu ya kupanda basi mwenyewe.

Na siku utakapopelekwa wewe kuitisha baraza, mahali popote, sina la kukufundisha ambalo hukulisoma, ila hili moja nililolipata kwa kukosea. Wakikwambia wamesikia, usifunge daftari. Rudi siku ya pili, bila soda, bila kipaza sauti. Kaa na wanawake kisimani mpaka wachoke kukustahi. Hapo ndipo watakapokwambia.

Jua linatua, naona mwanga umehamia ukuta wa jirani. Adhana haiko mbali, na utapanda kunitilia maji ya udhu, basi namaliza.

Sikukupa barua hii pamoja na amri. Nilimnyima Bi Mwanasiti hapana yake, sitakunyima wewe yako. Unaweza kulitoa daftari kifurushini ukaniachia mezani. Ni maisha yako unayoyaanza, na mimi nina siku chache za kuona haya. Ukisema hapana, nitaipokea, na nitamtafuta mtu mwingine wa kulipeleka, na nitakupenda vile vile.

Kesho asubuhi utanishusha nikuage mlangoni. Mbele ya shangazi yako sitakuuliza kitu. Lakini tutakuwa peke yetu kwenye ngazi, wewe unaangalia juu na mimi naangalia chini, mikono yako chini ya viwiko vyangu. Tukifika ile ya tatu, yenye mdomo, simama kidogo unijibu. Niambie ndiyo, au niambie hapana. Lolote kati ya hayo nitalichukua kwa shukrani.

Ila usiniambie umesikia.

Babako